Tela ya boti inagoma rivasi ukipanda, nifunge breki gani?

Swali limetoka kwa ndugu mmoja wa Jinja, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mzee fundi. Nina boti ya faiba futi 21, tela yake ni ya ekseli mbili, imekuja ikiwa imetumika huko Marekani, navuta na Land Cruiser pikapu. Kule mwaloni narudi nayo mpaka majini bila neno. Nikifika nyumbani, geti liko juu ya kamlima kadogo, nikipiga rivasi tela inakataa kabisa, matairi yake yanafunga yanaburuzwa kwenye moramu na klachi inaanza kunuka. Fundi mmoja anataka ang'oe breki zote, mwingine anataka aniwekee za umeme. Mimi nataka tu irudi vizuri. Nichukue zipi?"

Marahaba bwana. Umefanya vizuri kutaja hilo la mwaloni, maana hapo umeshajitibu nusu bila kujua. Tela inayorudi vizuri ikishuka na kugoma ikipanda haijaharibika, inafanya kazi yake sawasawa, ila haijui kama wewe unaenda mbele au nyuma.

Ngoja nieleze. Tela yako nina hakika ina breki ya kusukumwa, ile wengine wanaiita ovarani. Angalia kichwa chake pale panapokaa boli ya gari (ile tufe ya chuma ya kuvutia), utaona kimeundwa vipande viwili, kimoja kinateleza ndani ya kingine kama droo ya kabati. Ukiwa barabarani ukakanyaga breki ya gari, gari linapunguza mwendo lakini tela bado inataka kwenda, inakuja inakusukuma kwa nyuma, kichwa kinaingia ndani, huko ndani kuna masta silinda ndogo, inabanwa, mafuta ya breki yanakimbia kwenye magurudumu, tela inajishika yenyewe. Hakuna waya, hakuna kitu cha kubonyeza kwenye gari, ndio maana watu wa boti wanaipenda. Sasa weka rivasi ukipanda kamlima: gari linasukuma kichwa kuelekea nyuma, kichwa kinaingia ndani vilevile, masta silinda inabanwa vilevile. Kwa tela hiyo ni kama umekanyaga breki ghafla pale msitu wa Mabira baada ya lori la miwa kusimama mbele yako. Inashika, na kadri wewe unavyoongeza moto ndivyo inavyozidi kushika, mpaka klachi inalia.

Mwaloni ni kinyume, unashuka, uzito wa boti unaivuta tela iende majini, kichwa kinavutika nje badala ya kuingia, breki zinalala. Ila usizoee sana, maana hata mwaloni siku ambayo tope ni jingi au gurudumu limegonga jiwe, gari linaanza kusukuma na kichwa kinaingia tu. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda, ule mwezi wa tano kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42 na miteremko mingi ya boti ikazama, watu wakawa wanashushia boti popote penye tope, na niliona tela nyingi zinafunga hukohuko zikielekea chini.

Sasa kabla hujanunua chochote, ingia chini ya tela na tochi. Nasema hivi kwa sababu nimeshaona zaidi ya mara moja mtu anakuja analia tela haitaki rivasi, kumbe dawa iko hapohapo kwenye tela imefungwa na selotepu. Tela nyingi za boti za Marekani, hasa zenye breki za diski, zinakuja na solenoidi ya rivasi, ni kadude kama chupa ndogo ya chuma kamekaa kwenye paipu ya mafuta ya breki karibu na masta silinda, kanapata umeme kutoka taa ya rivasi ya gari. Ukiweka gia ya rivasi, taa inawaka, kadude kanaziba njia, mafuta hayafiki kwenye magurudumu, tela inarudi kama toroli. Plagi yao ile bapa ya pini 5, waya wa tano, mara nyingi wa bluu, ndio wa kazi hiyo. Ikifika hapa Uganda fundi umeme anaona plagi haiingiani na gari, anakata, anaweka ile ya duara ya pini 7 tuliyozoea, anaunganisha indiketa, taa za nyuma na taa za breki, na ule waya wa bluu anaona hauna kazi, anaufunga selotepu anauacha unaning'inia. Na hata angetaka kuuunganisha, ile plagi ya duara ya pini 7 ya kawaida ya Ulaya haina pini ya rivasi, kwa hiyo lazima uongeze waya wako pembeni au uende kwenye plagi ya pini 13 ambayo rivasi imo. Kwa hiyo fuata waya kwa kidole mpaka mwisho wake, usiamini rangi peke yake, maana kwenye ile plagi yao nyingine kubwa ya pini 7 bluu ni ya breki za umeme, ukichanganya utaunguza kitu.

Ukikuta solenoidi ipo, matatizo yako yameisha kwa bei ya waya mita chache, fyuzi moja na rilei moja (swichi ndogo inayowashwa na umeme kidogo ili ipitishe umeme mwingi). Rilei usiiruke, solenoidi inakula umeme kuliko balbu na waya wa taa ya rivasi wa gari haukutengenezwa kubeba mzigo huo. Na hakikisha gari lako ni la 12V kama solenoidi. Siku ukimpa mwenye Canter ya 24V akuvutie, hiyo solenoidi itakufa hapohapo.

Kuna kitu kimoja ambacho wenye solenoidi hawaambiwi. Umeshuka mlima, umesimama umekanyaga breki, kichwa kimeingia ndani na breki za tela zimeshika. Ukiweka rivasi hapohapo, nyingi kati ya hizi solenoidi zinaziba njia na presha ikiwa imebaki ndani, kwa hiyo umeifungia breki ikiwa imekaza! Tela haiendi na wewe unadhani solenoidi imekufa. Sogea mbele nusu mita kwanza, kichwa kivutike nje, ndio uweke rivasi.

Tuseme hakuna solenoidi, una breki za dramu za kawaida, nadhani ndio hali yako maana diski ungezitaja. Hapo ndio tuongee kuchagua.

Nianze na la yule fundi wa kung'oa, nilimalize haraka. Usikubali. Boti ya futi 21 na injini na mafuta na tela yenyewe haikosi tani moja na nusu, pengine inakaribia mbili. Uingereza wanakuruhusu tela isiyo na breki mpaka kilo 750 tu, na hiyo pia isizidi nusu ya uzito wa gari, na wao hawana vilima vyetu wala bodaboda zinazokukatia mbele bila kuangalia. Wewe unataka kuvuta mara mbili ya hiyo kutoka Jinja mpaka Entebbe kwa breki za Land Cruiser peke yake? Kuna wengine hawang'oi, wanachomelea kichwa kisiteleze, au wanapiga bolti moja kubwa katikati wanaiacha humo milele, alafu wanakwambia "breki zipo". Hazipo. Kichwa kisichoteleza hakibani masta silinda.

Ila wazo la kuzuia kichwa kisiingie kwa muda wa rivasi tu, hilo ni halali kabisa, na vichwa vingi vina tundu au kidude cha kufanya hivyo. Unashuka garini, unaweka pini, unarudi nyuma, unashuka tena, unatoa. Kwa mtu anayerudi nayo mara moja kwa wiki inatosha na ni bure. Shida ni kusahau. Unasahau kwa sababu tela haikukumbushi, inakufuata kimya mpaka siku ya breki ya ghafla. Mimi nilikuwa naifunga pini kwa kamba moja na ufunguo wa gari, yaani pini ikiwa kwenye tela ufunguo haufiki kwenye swichi, na bado kijana wangu mmoja alikata kamba kwa sababu ilikuwa "inamsumbua". Kwa hiyo tumia pini sasa hivi, wakati unasubiri vifaa, paka rangi nyekundu, lakini usiifanye ndio suluhisho la maisha kama gari linaendeshwa na watu zaidi ya mmoja.

Breki za umeme. Sizidharau, kwa tela ya ng'ombe au ya mizigo ya nchi kavu ningekuwa wa kwanza kukushauri uzichukue. Ndani ya kila dramu kuna sumaku, kwenye gari kuna kontrola, ukikanyaga breki kontrola inapeleka umeme, sumaku inajishika kwenye dramu inavuta viatu (vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani). Kwenye rivasi hakuna kinachoshika mpaka wewe mwenyewe ukanyage, kwa hiyo tatizo lako la geti linaisha kabisa, na hata kushuka mwaloni ukikanyaga breki tela inakusaidia kidogo, ingawa kwa kurudi nyuma zinashika kwa nguvu ndogo kuliko mbele. Sasa tatizo liko wapi? Unazitumbukiza ziwani. Dramu imetoka barabarani ya moto, inazama kwenye maji baridi, beringi inanyonya maji, sumaku na waya zinakaa kwenye unyevu na mchanga na vipande vya magugu maji. Maji ya Ziwa Victoria si ya chumvi, afadhali kuliko wenzetu wa Mombasa ambao huko kutu inakula kitu mwaka mmoja, lakini hata hivyo utakuwa unafungua dramu kila wakati kusafisha. Na ubaya wa pili ambao ni mkubwa zaidi kwa maisha yetu: kila gari litakalovuta linahitaji kontrola yake. Siku Land Cruiser iko gereji na shemeji anakuja na Hilux yake kukusaidia, hana kontrola, basi tela haina breki hata moja, na hakuna atakayekumbuka kumwambia. Breki ya kusukumwa haijali gari ni la nani.

Kuna ile ya kisasa ambayo ni umeme juu ya mafuta, yaani pampu ya umeme inakaa kwenye tela, kontrola iko garini, pampu inasukuma mafuta kwenye diski. Inafanya kazi vizuri sana, kichwa hakitelezi tena, rivasi ni siagi, na pampu unaifunga juu mbali na maji. Ukiichukua angalia presha, za dramu zinakuwa 1000 psi na za diski zinataka 1600 psi, usinunue ya dramu ukafunga diski. Lakini bei yake, na siku ikikufia pampu pale mwalo wa Kiyindi jioni utaipata wapi? Kisekka, soko la spea la Kampala, huwa nakuta vitu vingi lakini hiyo pampu sijawahi kuiona mezani. Kwa mwenye boti kubwa ya watalii sawa. Kwa geti moja lenye kamlima naona ni kununua ng'ombe kwa sababu unataka chai ya maziwa.

Diski na solenoidi, nimeshaisema solenoidi. Diski kwenye maji ni nzuri kuliko dramu, hakuna mahali pa kuficha mchanga, unamwagia maji safi zimeisha. Lakini diski inashika sawasawa mbele na nyuma, haina ujanja wowote wa rivasi, kwa hiyo bila solenoidi yenye waya mzima hurudi popote. Na ukitoka dramu kwenda diski hubadilishi magurudumu tu. Masta silinda ya dramu ina kivalvu kidogo kinachobakiza presha kidogo kwenye paipu, ukiiacha hiyo na diski pedi zitasugua njia nzima, utafika Mukono habu zinatoa moshi. Lazima kichwa kiwe cha diski. Hapo gharama imeshapanda.

Kwa hiyo wewe, kwa hiyo tela na hilo geti, ningefunga dramu zinazojiachia kwenye rivasi. Ukiagiza sema fri-bakingi, wauzaji wanaelewa. Kichwa chako kinabaki, paipu zinabaki, habu na dramu zenyewe zinabaki kama ni nzima, unabadilisha bakipleti (ile sahani ya chuma inayobeba viatu) na viatu vyake tu, hakuna waya hata mmoja. Ndani yake mchezo uko hivi: kiatu kimoja hakikai imara, kinakaa juu ya kiegemeo kinachoweza kulala. Gurudumu likizunguka mbele, dramu inakivuta kiatu kikae kwenye kiegemeo chake na kinabana kama kawaida. Gurudumu likizunguka nyuma, dramu inakisukuma kiatu upande wa pili, kiegemeo kinalala, nafasi inafunguka, na hata kama masta silinda imebanwa mpaka mwisho kiatu hakina pa kujiegemeza. Utasikia tela imegoma kidogo mwanzoni, gurudumu linazunguka kidogo tu, alafu inaachia. Ukienda mbele tena kiegemeo kinasimama chenyewe.

Kwenye kuagiza usikisie. Vua gurudumu, vua dramu, pima. Dramu za inchi 10 kawaida zinafungwa kwenye ekseli kwa bolti 4, za inchi 12 kwa bolti 5, ekseli ya boti kama yako mara nyingi ni ile ya pauni 3500, kama kilo 1590 hivi kila moja, yenye inchi 10. Kama ekseli zote mbili zina breki, badilisha zote nne. Usiniambie utaanza na ekseli moja nyingine mwezi ujao, hiyo iliyobaki itaendelea kufunga na utakuwa umelipa hela na tela bado imesimama getini. Ukikuta ni ekseli moja tu yenye breki, na Marekani tela za namna hiyo zipo nyingi, basi bahati yako, ni mbili tu, na ukipata nguvu siku moja uongeze ya pili.

Kushoto na kulia. Hapa nisikilize vizuri maana hili liliniaibisha. Hizi bakipleti zina upande, si kama za kawaida ambazo ukikosea utasamehewa kidogo. Nilikuwa na haraka, mteja amesimama na mimi nimemaliza rolex (chapati ya mayai) ya pili namwangalia kijana anafunga, nikasema hii rahisi, sikukagua. Tukajaribu uani: mbele tela inakwenda kama baiskeli isiyo na breki, nyuma imeshika kama imepigiliwa misumari. Alifunga ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, kwa hiyo zilikuwa zinajiachia mbele! Tungekuwa hatujajaribu huyo mteja angeshuka nayo barabara kuu. Angalia herufi iliyopigwa kwenye bakipleti au kwenye boksi, na kama haisomeki, kiatu chenye laini fupi (ile sehemu inayosugua dramu) kinaangalia mbele ya tela.

Ukishafunga, toa hewa, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, tumia mafuta ya breki yaliyoandikwa kwenye mfuniko wa kichwa, kawaida ni DOT 3, si mafuta ya stearingi wala chochote kilichobaki kwenye chupa ya soda. Alafu kukaza. Watu wanakaza dramu kwa kuzungusha gurudumu huku na huku, hapana, hizi unazungusha mbele tu. Kaza ajasta (kile kidude cha kukazia viatu) mpaka gurudumu ligome, rudisha mpaka linasugua kidogo sana likizunguka mbele. Ukiliacha limekaza sana kiatu hakipati nafasi ya kulala na rivasi itagoma kama zamani, na utanipigia simu kuniambia vifaa ni feki. Ukiliacha limelegea sana kichwa kitaingia mpaka mwisho kabla breki haijashika, utasikia "gwa!" kila ukisimama.

Kujaribu bila kwenda barabarani: iache tela sehemu tambarare, weka mawe kwenye matairi ya ekseli nyingine, inua gurudumu moja na jeki, vuta ule waya wa dharura wa kichwani unaobana breki tela ikikatika na gari. Zungusha gurudumu mbele, lazima ligome. Zungusha nyuma kwa nguvu, linagoma kidogo alafu linaachia. Fanya kwa kila gurudumu. Na kumbuka kuurudisha huo waya kwenye nafasi yake, la sivyo utavuta tela imefunga mpaka Iganga.

Sasa na mabaya yake, nisikuuzie kitu kizuri tupu. Breki inayojiachia nyuma haishiki nyuma, hiyo ndio biashara uliyofanya. Ukiwa kwenye kamlima ka geti tela iko juu na wewe uko chini ni sawa, uzito unakuja kwenye gari. Lakini umeiegesha tela peke yake kwenye mteremko, mkia ukielekea chini, hakuna kitu ndani ya dramu kitakachoizuia. Tela nyingi za boti za Marekani hazina hata hendibreki. Mawe mawili ya kweli, si matofali, nyuma ya matairi kabla hujaachanisha na gari, kila siku. Na ukishuka nayo rivasi mwaloni uzito wote unaning'inia kwenye breki za Land Cruiser, ila hilo hata sasa hivi ndivyo lilivyo, maana nimekwambia kichwa kikivutika nje breki za tela zinalala, kwa hiyo hapo hujapoteza kitu. Gia ya chini kabisa, polepole, na mtu amesimama pembeni na jiwe.

Na wenye tela za Uingereza wanaosoma hapa, najua mpo, mara nyingi hamna haja ya kubadilisha chochote. Zilizotengenezwa baada ya Aprili 1989 zilitakiwa kisheria kuwa na oto-rivasi ndani ya dramu, mawazo ni yaleyale ya kiatu kinacholala, ila zinatumia chuma na kebo badala ya mafuta. Ikigoma rivasi, kwa kawaida kuna mtu alikaza ile fimbo ndefu chini ya tela ili hendibreki ishike juu, badala ya kuanza kukaza kwenye dramu. Legeza fimbo, kaza dramu kwanza ukizungusha gurudumu mbele tu, alafu ndio urudi kwenye fimbo. Na hendibreki zao mnaipandisha mpaka juu kabisa, si kliki tatu kama ya gari, kwa sababu tela ikirudi nyuma kiatu kinalala na ile springi lazima iwe na nafasi ya kuvuta tena.

Rudi kwako ndugu wa Jinja. Kuna jambo la bure unaloweza kufanya leo hii: paka grisi kwenye kichwa pale kinapoteleza. Kikikwama kwa kutu kinaingia na hakirudi, unatoka rivasi unaenda mbele na breki bado zimeshika kidogo, unakula laini na mafuta bila kujua. Alafu angalia shokapu ya kichwa kama ipo na kama imekufa, ukiisukuma kwa mkono ikaingia kirahisi kama pampu ya baiskeli, imekufa. Na pale getini, ukiwa na pini yako nyekundu, usianze rivasi gurudumu likiwa limeegemea jiwe au kwenye kashimo, sogea mbele tela inyooke, anza taratibu bila kuruka klachi.

Ukimaliza kuangalia huko chini niambie vitu vitatu: bolti ngapi zinashika bakipleti, dramu ina inchi ngapi kwa ndani, na kama kuna waya wowote umefungwa selotepu karibu na masta silinda. Huo wa selotepu uutafute kwanza, kabla hata ya kutoa spana.